Milango Mitano ya Papa Kapita

Sitasema alizaliwa wapi, wala baba yake alikuwa nani, wala alishuka kutoka kilima gani kabla ya kufika kwetu. Msomaji ataona nimeruka mwanzo. Sikuruka. Mwenyewe hakuusema hata siku moja, na miaka ile, huku Masisi, aliyekuuliza "Weye iko wa wapi?" hakuwa anatafuta mazungumzo. Nitamwita basi kama tulivyomwita wote, kwa jina la kazi yake: Papa Kapita. Alikuwa msimamizi wa wafanyakazi katika kiwanda cha kukausha maua ya pareto, juu ya barabara ya Kirolirwe. Kiwanda kilikufa, kazi ikafa, jina likabaki. Jina ni rahisi kulitunza, halinywi petroli.

Mimi nilikuwa mchuuzi. Nilishusha maharagwe na siagi ya Masisi mpaka Mubi, kule msituni kwa watu wa Walikale, nikapandisha mafuta ya mawese. Katikati ya safari nilikuwa na meza yangu sokoni, ya vyuma vidogo vidogo: misumari, bawaba, nyembe, taa, na kufuli, ambazo kwetu zinaitwa kadena. Kila kitu nilikihesabu mara mbili, mara ya kwanza mwenye mali akiwa mbele yangu, mara ya pili akiisha kugeuza mgongo. Ndiyo maana waliniita Mara-Mbili. Sikukasirika. Wako wachuuzi walioitwa mabaya zaidi, na walistahili.

Tulijuana kwa sababu ya bawaba. Alikuja mezani kwangu, mikono nyuma, funguo zikining'inia kwenye mkanda, akachukua bawaba mbili, akazilamba. Ndiyo, alizilamba, kama ng'ombe anavyolamba chumvi.

"Hii ilishanyeshewa," akasema.

"Papa, iko mupya kabisa."

"Mupya ya mwaka gani?"

Nikamtajia bei ambayo hata mimi sikuiamini. Akaweka bawaba chini, akaanza kuondoka polepole, kwa ule mwendo wa mtu anayejua ataitwa. Nikamwita. Akanunua kwa nusu. Wiki iliyofuata akarudi akataka mbili. Wiki nyingine, mbili. Nikamuuliza:

"Papa Kapita, unajenga nyumba ngapi?"

"Moja."

"Na milango?"

"Bado."

Akalipa, akaenda. Nilijua tu kwamba ninaye mteja mwenye ugonjwa, na mchuuzi hautafutii dawa ugonjwa wa namna hiyo.

Kile kiwanda mtu asiyekiona atakifikiria kikubwa. Kilikuwa jengo refu la matofali, mabati juu, bila dirisha hata moja, na mlango mmoja tu upande wa barabara. Chini kwenye kichwa cha jengo kulikuwa tanuru la kuni, na kutoka pale bomba za chuma zilipitisha joto chini ya vichanja vya maua. Pareto ni ua dogo jeupe, lenye moyo wa njano, linaloua wadudu. Likikauka vizuri, mzungu analipenda. Likipata baridi linaoza, mzungu anakasirika. Kwa hiyo joto lisitoke, kwa hiyo mlango mmoja. Na huo mlango, wakati wa kazi, ulifungwa kwa nje, ili mwanamke asiyepangiwa kutoka asitoke na maua ndani ya kitambaa. Ufunguo aliushika Papa Kapita.

Siku ya dipanda, yaani uhuru, mwenye kiwanda alibeba mashine, akabeba mizani, akaacha tanuru kwa sababu halikuingia ndani ya kamio, lile lori lake, akaacha sirene juu ya bati kwa sababu aliogopa ngazi. Funguo akampa kapita wake na kumwambia atarudi baada ya wiki mbili. Nilizihesabu zile wiki. Kufika mia nikaacha.

Wote tulingoja Papa Kapita auze mabati. Mimi mwenyewe nilipanda kule na kamba yangu ya kupimia, nikampa bei ya heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema:

"Hii nyumba ilikula nguvu ya batu bote ba hapa. Sasa itabalipa."

"Itabalipa na nini, Papa?"

"Na ngoma."

Nikamwambia ngoma haipimwi kwa kopo. Akanijibu kwamba ndiyo sababu mimi sina rafiki. Tukacheka, yaani mimi nilicheka. Yeye sikuwahi kumwona anacheka. Alikuwa na namna ya kufunga jicho moja, na hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake yote.

Aligeuza vichanja vya maua kuwa mabenchi. Juu ya tanuru alipiga udongo akapata jukwaa. Sirene iliyokuwa inaita watu kazini akaifanya iite watu kwenye mchezo: kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, misa ikiisha na watu wakiisha kula, ililia mara moja, ndefu, ikasikika vilima saba. Na watu walikuja. Wakulima wa maharagwe walikuja na ngoma zao, wachungaji wakaja na nyimbo zao za ng'ombe, ndefu kama mikia. Mara mbili au tatu kwa mwaka akaja mwimbaji mmoja mzee kutoka Walikale, mwenye kibuyu cha mbegu mkononi, aliyesimulia hadithi moja kwa siku nzima akiimba na kucheza, na alipochoka bado alikuwa hajafika katikati. Nilimpandisha mimi, juu ya magunia yangu. Nilimhesabia nauli ya gunia moja. Papa Kapita aliilipa bila kubishana, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko kama angebishana.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo watu walilipenda, ingawa hakuna aliyelipanga. Vumbi la pareto lilikuwa limeingia ndani ya matofali. Ndani ya ile nyumba kiroboto haishi. Mama walileta blanketi zao wakazikalia wakati wa ngoma, wakarudi nazo zimepona. Watu walipiga chafya, wakacheza, wakapiga chafya. Lakini asubuhi, Papa Kapita alipofagia, chini kulikuwa nzi weusi tele, miguu juu. Niliwahi kumkuta anawatazama, amesimama na fagio. Nikasema kwa mzaha:

"Hao hawakulipa kiingilio."

Akasema, "Waliingia vizuri. Kutoka njo ilibashinda."

Na milango ikaongezeka. Ukuta wa matofali mazuri, anautoboa. Anaweka fremu, anaweka bawaba zangu, anapachika ubao. Wa pili, ule wa upande wa mto. Wa tatu, karibu na jukwaa. Wa nne ukutani nyuma. Mvua iliingia, upepo uliingia, ngoma zililegea kwa unyevu na wapigaji walilalamika. Mama mmoja aliyekuwa anauza kasiksi pale nje, pombe ya ndizi, tuliyemwita Mama Kasiksi, alimpigia kelele mbele ya watu:

"Papa Kapita! Hii iko nyumba ao iko kichungio?"

"Mama, kichungio haiuwe mutu."

Wiki iliyofuata akatoboa wa tano, palepale penye meza yake ya pombe. Mama Kasiksi akahamisha mitungi yake huku anatukana, kisha akaona biashara imekuwa nzuri zaidi, akaacha kutukana. Milango mitano. Niliihesabu mara mbili, nikiizunguka nyumba kwa mkono wa kuume, kisha kwa mkono wa kushoto.

Alikuwa na kanuni moja tu. Mtu akifika mlangoni haulizwi kilima chake wala lugha ya mama yake. "Hapa tunauliza mutu wimbo," alisema. Na akaongeza, kila mara, kama anayefunga sala: "Mulango haina ndugu." Mwenyewe hakujua kuimba. Kucheza ndiyo usiseme, alikuwa na miguu ya mbao. Na alikuwa na mambo mengi yanayopingana. Alitoa nyumba nzima bure, lakini msumari uliopinda aliunyoosha kwa jiwe nusu ya siku. Alipenda milango iwe wazi, lakini ule mzigo wa funguo za zamani hakuuvua kiunoni hata akienda kanisani, na ulipiga kelele wakati wa kuinua hostia. Na ndani ya ukumbi wake hakukaa katikati kamwe. Alikaa ukingoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

Nilidhani ni tabia ya uzee. Ni Mama Kasiksi aliyenifungulia siri hiyo, siku moja ya soko, akiwa anaosha mitungi.

"Weye unamuuzia bawaba, haujue ya nini?"

"Ya milango."

"Mupumbavu. Tulikuwa tunafanya kazi mule, mimi na dada yangu. Siku ile kuni zilikuwa mbichi, moshi ikarudi ndani. Mulango imefungwa. Kapita ameenda na ufunguo kwa patron, mwenye kiwanda, kupeleka hesabu ya magunia. Tulipiga mulango na mikono, tukaipiga na vichwa. Alirudi mbio. Alipofungua tulitoka bote, ila dada yangu tulimutoa."

Nikashika mtungi mmoja, nikausuuza. Nikamuuliza baadaye: "Na sasa umemusamehe?"

"Sijamusamehe," akasema. "Ninamuuzia."

Basi hivyo ndivyo alivyokuwa. Ningeweza kuishia hapa, na ingekuwa picha nzuri ya mzee mwenye deni la roho anayelilipa kwa matofali. Lakini vilima vilikuwa vimeanza kubadilika.

Mchuuzi huona mapema, kwa sababu watu hubadilisha njia kabla ya kubadilisha maneno. Kwanza wenye maziwa waliacha kupita mbele ya shamba la fulani. Halafu wenye maharagwe wakaanza kuuliza gunia limetoka kilima gani, wakati zamani waliuliza kama lina wadudu. Halafu salamu zikafupishwa. Na ndani ya ukumbi, siku moja ya Mungu, niliona kwamba kati ya mabenchi kumetokea njia. Hakuna aliyeipima. Ilikuwa tu pale, upana wa hatua mbili, huku wamekaa wanaojiita wenyeji, kule wale walioanza kuitwa wageni, ingawa baadhi yao babu zao walizikwa hapa. Papa Kapita naye aliiona. Wiki iliyofuata tulikuta mabenchi yamepangwa mviringo. Watu wakasimama wakiangalia, hawajui pa kukaa. Mwishowe wakakaa, na duara nalo likawa na nyufa mbili.

Na akaja mtu wa mkoba. Sijui alitumwa na ofisi gani, au kama alitumwa. Alivaa koti hata juani, alikuwa na mkoba wa ngozi wa kufunga kwa kibano, na Kiswahili chake kilikuwa safi mno. Alikaa benchi la nyuma, wiki tatu mfululizo, akiandika. Watu walidhani anaandika nyimbo. Mimi nilimtazama kidole. Kidole kilikuwa kinagonga hewani, moja, mbili, tatu, kinapita upande mmoja wa duara, kinaruka, kinaanza upya upande wa pili. Hesabu naijua ninapoiona. Mimi nilikuwa nahesabu misumari. Yule alihesabu watu, tena kwa mafungu.

Nilimwambia Papa Kapita. Akasema amemwona.

"Mufukuze."

"Na kanuni yangu? Hapa tunauliza wimbo."

"Aliimba?"

"Bado," akasema, na hakufunga jicho.

Ijumaa moja mtu wa mkoba akaja mezani kwangu. Kesho kutwa yake ilikuwa siku ya Mungu kubwa: mwimbaji wa Walikale alikuwa amekwisha kufika, nami ndiye niliyempandisha, na vilima vyote vilijua. Yule bwana akaangalia taa, akaangalia nyembe, akauliza kadena.

"Ndogo ao kubwa?"

"Kubwa. Na mnyororo."

"Ngapi?"

"Tano."

Nitaandika hapa jambo ambalo sijalisema kanisani. Nilifurahi. Kadena tano kubwa hazinunuliwi siku moja, si huku kwetu. Nikataja bei, akapunguza, nikaapa kwa mama yangu, akapunguza tena, nikamwongezea mnyororo kama zawadi. Tulisikilizana vizuri sana. Alizitia kwenye mkoba, moja moja, zikagongana, akafunga kibano. Nilizihesabu zinapoingia. Tano. Alipogeuza mgongo nikahesabu nafasi zilizobaki wazi juu ya meza. Tano.

Na hapo ndipo ile hesabu ya pili ilinikamata. Mtu yule hakuwa na nyumba huku. Hakuwa na duka, wala ghala, wala zizi. Kitu gani huku kwetu kina milango mitano?

Nilikaa na hilo swali jioni nzima, nikijaribu kulipunguza bei. Nikajiambia labda ni ya ofisi. Nikajiambia labda ni ya kuuza. Jumamosi asubuhi nikafunga meza nikapanda kiwandani. Papa Kapita alikuwa ananyoosha misumari, Mama Kasiksi anateremsha mitungi ya kesho. Nikasema mbele ya wote wawili, haraka, kabla ulimi wangu haujaanza biashara:

"Yule wa mukoba amenunua kadena tano. Kwangu. Na munyororo."

Papa Kapita akaweka jiwe chini.

"Ulimuuzia bei gani?"

Nikamwambia.

"Alikuibia," akasema. Halafu akaangalia nyumba yake, ukuta kwa ukuta. "Hesabu milango."

"Tano, Papa."

"Hesabu tena."

Nikazunguka. Nikarudi. "Tano."

"Njo vile naye alihesabu."

Mama Kasiksi alikuwa ameacha kuteremsha mitungi. Mkono wake ulikuwa umeshika mdomo wa mtungi kama mtu anayezuia nyuki wasitoke.

"Ahirisha," nikasema. "Piga sirene leo, bajue kuko hatari, babaki kwabo."

Aliniangalia kwa huruma, kama nilivyowahi kuwaangalia wanaonunua bila kubishana. "Mara-Mbili, myaka ine nilibafundisha batu: sirene ikilia, mukuje. Nikiipiga leo, batakuja leo, mbio, na blanketi. Nikituma mutu huku, kule banasema ni hila. Nikituma kule, huku banasema ni hila. Na batu ba mbali balishaanza njia."

"Sasa?"

Akachukua bisibisi. Akaenda kwenye mlango wa tano, ule wa Mama Kasiksi, akaanza kufungua skrubu za bawaba.

Tulifanya kazi ile mchana kutwa, watatu. Bawaba kumi na moja: nane zangu na tatu za ule mlango wa zamani, kubwa kama mkono wa mtu. Zangu zote zilikuwa na kutu. Nilimwona anaona, akanisitiri. Alipofika kwenye mlango wa zamani, ule wa kwanza, uliofungwa kwa nje miaka yote ile, bisibisi ikateleza ikamkata. Mama Kasiksi akamnyang'anya. Akafungua mwenyewe zile skrubu, moja baada ya moja, na ubao ulipolegea akaupokea kifuani. Tukaibeba milango yote mitano mpaka jukwaani, tukailaza juu ya udongo wa tanuru. Papa Kapita akavua funguo kiunoni, akazitupa kwenye mdomo wa tanuru, ndani ya jivu.

"Fremu pia?" nikauliza.

"Fremu pia. Kadena hata kwa fremu inapata pa kushika."

Kesho yake sirene ililia. Watu wakaja kwa njia zote, nguo za kanisani, blanketi mabegani. Walipoona nyumba ina matundu matano makubwa yasiyo na mbao, walicheka mpaka wakashikana mikono, hata waliokuwa wameacha kusalimiana.

"Papa Kapita, milango ulikunywa?"

"Anamalizia kuta wiki inayokuja!"

"Mama Kasiksi, ulimupa deni kiasi gani?"

Aliwaacha wacheke. Mzee wa Walikale akapanda jukwaani, akatikisa kibuyu, akapiga mguu chini. Chini kulikuwa milango mitano na hewa katikati yake. Ikalia. Sijapata kusikia ngoma kama ile: kila hatua yake iliingia tumboni. Akashangaa, akapiga tena, akatabasamu, na watu wakaanza kumwitikia, duara zima, bila nyufa.

Mtu wa mkoba alifika hadithi ikiwa imepamba moto. Nyuma yake walikuwa watu sita wenye makoti, nao juani. Akazunguka nyumba kwa mkono wa kuume. Akazunguka tena kwa mkono wa kushoto. Mkoba ulikuwa unalia kila akipiga hatua. Kisha akaja kwenye tundu ambalo Papa Kapita alikuwa amekaa, mguu ndani, mguu nje. Nilikuwa karibu, nyuma ya mitungi ya Mama Kasiksi, na sioni aibu kusema nilikuwa nimechuchumaa.

"Milango iko wapi, mzee?"

"Inachezewa, Bwana. Sikiliza."

Akasikiliza. "Utairudisha lini?"

"Siku utakuja na wimbo."

Yule bwana akaangalia ndani kwa muda mrefu, kidole kikagonga hewani mara mbili tatu, kikaacha. Wale wa makoti walimtazama yeye, wakatazama matundu matano, na watu waliokuwa wanaingia na kutoka kama nyuki. Wakaondoka jinsi walivyokuja. Papa Kapita hakusogea. Mama Kasiksi akachota kikombe, akakipeleka, akamwekea mkononi.

"Ngapi?" akauliza Papa Kapita.

"Kunywa," akasema Mama Kasiksi. "Hii haina bei."

Nilihesabu. Kikombe kimoja. Miaka yote niliyomjua, kimoja.

Huo ndio ulikuwa mchezo wa mwisho. Siku ya Mungu iliyofuata sirene ililia na hakuna aliyekuja. Kila mtu alikuwa kwenye kilima chake anasikiliza nyayo. Papa Kapita akapanda kamio pamoja na mwimbaji, wakashuka msituni. Alichukua nyundo na fagio. Mwaka ule kulikuwa na vilima ambavyo moshi wake haukuwa wa jikoni, na sitaandika zaidi ya hapo, kwa sababu waliobaki wanajua na waliofanya wanajua vizuri zaidi. Ukumbi haukuchomwa. Ng'ombe walianza kulala mule. Walikuwa ng'ombe wazuri, hawana kupe.

Nilimwona mara moja tu tena, miaka mitatu baadaye, Mubi. Alikuwa anakaa nyuma ya maduka, kwenye nyumba ya miti na majani, anatengeneza vitanda. Mvua ya msituni ilikuwa inakuja, ile inayosikika kabla ya kufika. Alinikaribisha kwa jina langu baya. Alikuwa amekonda, kiuno kimebaki bila kelele. Akapika ndizi, tukaongea habari za bei. Kisha nikafungua mfuko nikaweka juu ya meza kitu nilichokuwa nakizungusha moyoni miaka yote ile.

"Nini hii?"

"Kadena zile. Yule mutu alizirudisha kwangu, wiki moja baada ya mchezo. Alisema hazikupata kazi, anataka falanga zake. Nilimurudishia nusu. Sikuziuza tena, Papa. Nilishindwa."

Akachukua moja, akailamba. Akaiweka. Akagusa nyingine. Niliona midomo yake inahesabu, na nilijua itaishia wapi.

"Iko ine," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Hesabu tena."

"Nilishahesabu. Ine. Nilimuuliza ya tano iko wapi." Nikazipanga zile nne mstari mmoja. "Akasema: ile moja ilipata kazi."

Mvua ikafika juu ya majani. Hakuuliza ni kazi gani. Hata yeye huko msituni alikuwa amesikia habari ya ile nyumba ya ng'ambo ya bonde, iliyochomwa wenyewe wakiwa ndani, ikakutwa imefungwa kwa nje, na kadena ndani ya jivu bado imeuma mnyororo wake. Kutoka kwangu mpaka pale ni mwendo wa saa moja. Ningeweza kwenda kuangalia kama ni ya meza yangu. Mwendo ule nimeuhesabu mara mbili, mara nyingi, na sijautembea.

"Ulimuuzia bei gani?" akauliza, kwa sauti ya chini, kama siku ile.

Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nianze biashara sikukumbuka.

Akasimama. Nilidhani ananifukuza, na ningekwenda. Alienda mlangoni, akausukuma mpaka ukagonga ukuta, akatafuta jiwe, akaliegemeza. Kisha akapita ndani, akafungua na wa nyuma, nao akautia jiwe. Mvua ikaingia huku, ikatoka kule, ikapita juu ya ndizi zetu na juu ya zile kadena nne. Akarudi akakaa, mguu mmoja nje.

"Kula," akasema.

Tukala hivyo hivyo, tumelowa, wala hakuna aliyesema tufunge.